Umeniweka Wapi Humu?

Bibi alikuwa amevaa miwani ya mkwewe na kupitisha kidole juu ya ukurasa, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Hajui Kiingereza. Lakini jina lake analijua likiandikwa, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, na ndilo alilokuwa akilitafuta. Alipofika mwisho wa sura akainua uso.

"Mwanangu, mimi umeniweka wapi humu?"

Nikamwonyesha. Kila palipoandikwa "kungwi wa kwanza", ndipo alipo. Nikamweleza kwamba ndivyo tulivyofundishwa: mtafiti humficha aliyemwambia, ili maneno yasije yakamrudia kwa ubaya. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake.

"Na yule mwenzangu uliyemficha, mbona kila mtu kamjua?"

Nawaandikia vijana wetu wanaosomea anthropolojia na kutumwa uwandani, hasa wale ambao uwanda wao siku hizi ni sebule ya shangazi aliyehamia Ulaya. Kosa nitakalolisimulia ni langu mwenyewe, wala sikusukumwa na mtu. Mambo kadhaa nimeyabadili, na safari hii sitasema ni yapi. Kitongoji chenyewe sikitaji pia. Kipo kwenye laini ya buluu ya treni ya chini ya ardhi ya Stockholm, ile inayopita Rinkeby na Tensta kwa tawi moja, Kista na Husby kwa tawi jingine, na hapo inatosha.

Nilikwenda kusoma shahada ya uzamili. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nilitaka kuandika jinsi wanawake wa pwani wanavyomfunda mwali wakiwa mbali na kwao: nani anakuwa kungwi pasipo na ukoo wa kumteua, liwa na karafuu za singo zinatoka wapi, nini kinafundishwa na nini kimeachwa njiani. Njia ya utafiti ilikuwa ile ya kukaa na watu, kushiriki nao na kuwatazama. Tangu Bronisław Malinowski alipopiga hema lake katika vijiji vya visiwa vya Trobriand wakati wa vita vya kwanza vya dunia, mwanaanthropolojia hutakiwa ajifunze lugha ya wenyeji, ale wanachokula, na kila usiku aandike alichokiona mchana. Lugha nilikuwa nayo, na chakula ndicho nilichokulia. Nikajiona nusu ya kazi imekwisha kabla sijaanza.

Sikuona kwamba wanawake wale walikuwa wananipa kitu ambacho Malinowski hakupewa. Walinipa imani anayopewa mtoto wa nyumbani. Mtafiti mgeni huja na ugeni wake usoni, na watu wakimwona hukumbuka kupunguza maneno. Mimi nilisema shikamoo, nikavua viatu, nikaenda moja kwa moja jikoni kuuliza kama nazi imekunwa. Kila mlango niliopitia ulifunguliwa na shikamoo ile. Daftari liliingia nyuma yangu, na hakuna aliyelitazama mara mbili.

Karatasi ya ridhaa niliwapelekea, tena kwa Kiswahili. Ilikuwa mwezi Machi. Kurasa mbili zikizungumzia lengo la utafiti, haki ya kujitoa wakati wowote, na ahadi kwamba majina hayatatajwa wala daftari langu halitaonwa na mwingine. Walitia saini juu ya meza ya jikoni, kando ya sufuria, na sikumbuki hata mmoja aliyesoma zaidi ya mistari mitatu. "Mtoto wetu anasoma," alisema mmoja, "tumsaidie amalize." Walisaini kwa sababu hiyo. Mimi nikazitia karatasi kwenye jalada na kuamini kwamba suala la ridhaa limefungwa.

Miezi ikapita. Nilibeba watoto, nilishuka na akina mama hadi chumba cha kufulia kilicho chini ya jengo, ambako kila nyumba ina zamu yake ya mashine, nikapanga viti ukumbini siku za kicheni pati. Ikafika Novemba. Kulikuwa na harusi, nasi tulikuwa watatu jikoni tukimenya vitunguu vya pilau. Nje giza lilikuwa limeingia tangu alasiri. Mazungumzo yalianza na mwali na yale anayopaswa kujua, yakahamia kwenye yale ambayo sisi wenyewe hatukuambiwa. Hapo dada mmoja akasimulia jambo la ndani ya ndoa yake. Sitalirudia. Alilia, nami nikalia naye, na machozi yangu yalikuwa ya kweli. Halafu nikapanda treni ya mwisho, nikafungua daftari juu ya mapaja, nikaandika kila neno likiwa bado la moto.

Machi alikuwa amesaini kumsaidia mwanafunzi. Usiku ule wa Novemba alikuwa akimwambia nani? Swali hilo halikunijia kwenye treni. Nilikuwa na furaha ya mvuvi aliyevuta wavu mzito.

Ndiyo ikawa sehemu iliyosifiwa zaidi katika tasnifu yangu, kurasa nne. Nilimpa dada yule jina jingine. Nikabakiza kazi anayoifanya, idadi ya watoto wake, mji aliotoka na mwaka aliofika Sweden, kwa kuwa niliona msomaji anahitaji hayo ili aelewe uzito wa maneno yake. Kwa msomaji wa chuoni alikuwa mwanamke asiyejulikana katika mji wenye watu wengi. Kwa wanawake wanaokutana kila wiki, wanaojua nani kajifungua lini na nani anafanya zamu ya usiku wapi, ilikuwa sawa na kubandika picha yake mlangoni.

Nilikuwa na dhana nyingine ambayo sikuwahi kuisema kwa sauti: kwamba hawatasoma. Kazi ilikuwa kwa Kiingereza, ya kurasa themanini, yenye maneno ya kitaalamu. Lakini tasnifu za Sweden huwekwa kwenye hifadhi ya intaneti, huru kwa yeyote, na watoto wa akina mama wale wamesoma shule za huko. Kiingereza kwao ni kama maji. Kiungo kilipita kwenye kundi la WhatsApp siku ya Ijumaa. Hadi Jumapili jioni kurasa zile nne zilikuwa zimeshatafsiriwa kwa sauti, sebule kwa sebule.

Dada yule aliniandikia ujumbe mmoja tu. "Nilidhani nazungumza na wewe."

Hakunitukana wala hakutishia kunishtaki. Nimesoma vitabu vingi vya maadili ya utafiti baada ya hapo, na sijakutana na sentensi inayoeleza kosa lenyewe vizuri zaidi ya hiyo. Alidhani anazungumza na aliyekuwa akimenya vitunguu. Hakujua kwamba ndani yangu alikuwamo mwingine aliyekuwa akisikiliza kwa ajili ya watu wasiomjua.

Mtu anaweza kuuliza sheria ilikuwa wapi. Sweden ina sheria ya mapitio ya maadili ya utafiti, namba 460 ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika 2004. Anayetaka kukusanya habari nyeti za mtu, kama kabila, dini, afya au maisha yake ya unyumba, lazima kwanza apate kibali, na tangu 2019 kibali hicho hutolewa na mamlaka moja ya taifa. Kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza na uzamili ziko nje ya sheria hiyo. Kwa hiyo mamlaka hiyo haikuniita wala hakuna aliyenihoji. Lakini nimefikiri mara nyingi kama kibali kingeniokoa, na sioni hivyo. Kibali kingeuliza kama nina karatasi ya ridhaa, nami nilikuwa nayo. Kingeuliza kama nitabadili majina, nami niliyabadili.

Wala mimi si wa kwanza. Mwaka 1979 Nancy Scheper-Hughes, Mmarekani, alitoa kitabu juu ya maradhi ya akili katika kijiji kimoja cha magharibi mwa Ireland, akakipa kijiji jina la kubuni, Ballybran. Jina halikukificha. Wanakijiji walijitambua, wakasoma siri walizomwambia karibu na moto zikiwa zimechapwa ili walimwengu wazione. Aliporudi mwaka 1999 hakupokewa, ilimbidi aondoke. Baadaye aliandika kwamba kubadili majina kunaweza kumfanya mwandishi ajisahau, aseme yale ambayo asingethubutu kuyasema kama angejua lazima ataje jina la jirani yake na kesho akutane naye dukani. Nakubaliana naye kabisa. Jina bandia lilinipa ujasiri ambao sikustahili kuwa nao.

Majira yale ya baridi sikuweza kupanda laini ya buluu. Siku nisizokuwa na kazi nilikuwa nachukua basi hadi Makumbusho ya Etnografia, jengo jekundu kwenye barabara ya Djurgårdsbrunnsvägen, lililofunguliwa 1980. Nilikwenda kwa sababu kuna joto na kuna vitabu, na kwa sababu hakuna aliyenijua. Huko nikakutana na kitabu kilichochapwa na makumbusho hayo mwaka 1991, kazi ya mwanaanthropolojia Wyatt MacGaffey. Kinahusu minkisi ya Wakongo. Kwa Mswahili naweza kusema nkisi ni jamaa wa fingo na hirizi, ila ni zaidi ya hapo: ni chombo, sanamu au mfuko wenye dawa ndani, na ndani ya dawa mna nguvu iliyotoka kwa wafu, yenye jina lake, miiko yake na mganga wake. Nilikifungua nikitarajia picha. Nilichokikuta ni kurasa za Kikongo, maneno ya Wakongo wenyewe, kila andiko likiwa na jina la aliyeliandika.

Nikafuatilia majina yale yalivyofika hapo.

Karl Edvard Laman alikuwa mmisionari wa Kiswidi. Alifika Kongo ya Chini mwaka 1891 na akafanya kazi huko, kwa vipindi, hadi 1919. Alikijua Kikongo kama wageni wachache walivyokijua. Aliitafsiri Biblia, iliyochapwa 1905, na kamusi yake kubwa ya Kikongo na Kifaransa ya mwaka 1936 bado inatumika. Alikusanya pia vitu, na mkusanyiko wake ukaja Stockholm. Lakini jambo lake kubwa zaidi ni la kalamu. Karibu na miaka ya vita vya kwanza vya dunia aliandaa dodoso refu kuhusu maisha ya Wakongo, akaligawa kwa makatekista na walimu wa misheni, makumi ya vijana waliosoma, kila mmoja katika eneo lake. Wakaulizia kwa wazee, wakaandika kwa lugha yao: kuzaa na kuzika, mashamba na machifu, uganga na minkisi, hata yale ambayo dini yao mpya iliwataka wayaache. Walijaza madaftari zaidi ya 400.

Mwanafunzi wa anthropolojia atazame hapo vizuri. Vijana wale ndio waliokwenda uwandani. Wao ndio waliokaa na wazee, wakauliza, wakapima jibu, wakaandika. Kama kazi hiyo ina jina, jina lake ni utafiti.

Laman alifariki mwaka 1944 akiwa ameyageuza madaftari yale kuwa muswada wa Kiswidi. Muswada ukahaririwa Uppsala, ukatoka kwa Kiingereza kwa jina The Kongo, juzuu nne, ya kwanza 1953 na ya mwisho 1968. Juu ya jalada kuna jina moja, la Laman. Ndani, maneno ya mtu wa upande huu wa mto na ya mtu wa mbali naye yamechanganywa kuwa uji mmoja. Palipokuwa na kijana aliyesema "kwetu sisi hufanya hivi", sasa pana sauti isiyo na kwao inayosema Wakongo hufanya hivi. Hasara haikuwa ya heshima peke yake. Elimu yenyewe iliharibika, kwa kuwa desturi za mahali pamoja zilivishwa nchi nzima, na tofauti ambazo waandishi walizijua vizuri zikafutwa. MacGaffey alirudi kwenye madaftari. Akatenganisha tena sauti, akaonyesha nani aliandika nini. Nsemi Isaki. Lutete Esaya. Kavuna Simon. Yapo mengine, hayo matatu nimeyataja kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka mingi maneno yao yalisomwa na wataalamu wa Ulaya na Marekani bila wao kutajwa.

Simlaani Laman. Bila yeye madaftari yasingekuwapo, na wakati wake wengi hawakuona haja hata ya kumuuliza Mkongo. Nilichokiona mle ni sura yangu. Bibi alinifunda miezi minane. Mpangilio mzima wa sura yangu ya tatu ulikuwa wake: ni yeye aliyeniambia mafunzo yana ngazi, kwamba ngoma hutangulia kusema kile ambacho mdomo utakifuata, kwamba kungwi asiyejua kunyamaza hajakamilika. Nikaandika "kungwi wa kwanza". Nikafanya kwa jina la maadili kile ambacho juzuu nne zilifanya kwa desturi ya zama zake.

Basi nikaamini nimepata jibu: jina liandikwe. Jibu hilo lilidumu siku chache.

Katika jengo nililokuwa nakaa, zamu yangu ya kufua ilifuatana na ya mzee mmoja wa Kiswidi. Nilimweleza shida yangu kwa Kiswidi changu kibovu, nikisubiri mashine imalize. Akaniambia alizaliwa 1953, akanitazama kana kwamba namba hiyo peke yake ingetosha. Sikuelewa. Akanisimulia.

Mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Carl-Gunnar Janson, aliongoza mradi ulioitwa Metropolit. Uliwachukua watoto wote waliozaliwa 1953 na kuishi Stockholm na viunga vyake mwaka 1963, watoto 15,117. Mwaka 1966, wakiwa darasa la sita, walijaza madodoso shuleni: wanapenda nini, wanataka kuwa nani, rafiki yao wa dhati ni nani. Mwaka 1968 baadhi ya mama zao walihojiwa nyumbani. Halafu madodoso yakasahaulika, kwa watoto. Watafiti waliendelea kuongeza juu ya kila mtoto habari kutoka daftari za serikali, za hospitali, za ustawi wa jamii, za polisi, hadi miaka ya themanini. Lengo lilikuwa jema, kuelewa kwa nini mtoto mmoja hufanikiwa na mwingine hupotea. Ruhusa za ofisi zilikuwapo. Hakuna jina lililowahi kuchapwa. Ila hakuna aliyewaambia wale watoto, ambao sasa walikuwa watu wazima wa miaka thelathini na kitu.

Februari 1986 gazeti la Dagens Nyheter likaandika. Nchi ikatikisika. Kwa mzee wa zamu ya kufua hapakuwa na haja ya kuuliza kama yumo, kwa sababu wa umri wake wote wa Stockholm walikuwamo. Mwaka huo huo vitambulisho vikaondolewa ili asiwepo wa kuunganisha maandishi na mtu. Na mwaka huo watu wengi zaidi walikataa kujibu hata madodoso ya ofisi ya takwimu ya taifa, yasiyohusiana na mradi ule. Imani iliyovunjwa na watafiti wachache, wengine wote wakailipia.

Nikamuuliza kilimuumiza nini, ikiwa jina lake halikutoka popote. Alikunja shuka lake kwanza. Akasema alikumbuka ile siku darasani, alivyofikiria sana kabla ya kuandika jina la rafiki yake, na kwamba alidhani mwalimu ndiye aliyekuwa anauliza.

Alidhani anazungumza na mwalimu.

Hapo nikaona kwamba nilikuwa nabishana na kitu kisicho chenyewe. Wakongo walifutiwa jina lililokuwa lao. Watoto wa Stockholm walishikiwa jina lao bila kujua. Katika visa vyote viwili, na katika changu, kuna mtu mmoja aliyeamua peke yake la kufanya na jina la mwenzake. Mimi niliamua mara mbili, kwa watu wawili, na mara zote sikuuliza. Aliyetaka kutajwa nilimficha, na aliyehitaji kufichwa nilimvua nguo.

Nilirudi laini ya buluu mwezi Aprili. Nilikuwa nimeomba sehemu ile iondolewe kwenye intaneti na ikaondolewa, lakini nakala ya kumbukumbu ilibaki, kwa kuwa kazi ikishakabidhiwa taasisi ya umma huwa hati ya umma. Waswidi wana haki ya kusoma hati hizo tangu sheria ya 1766, nao hawaichezei. Wako watafiti wa Gothenburg waliowaahidi wazazi wa watoto waliowachunguza usiri kamili, na mahakama ikaamuru wengine waonyeshwe kumbukumbu zile. Mwaka 2004 zikateketezwa, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 2012 haikuona kwamba ahadi ile ingemlinda profesa wao aliyekaidi amri. Nami niliandika kwenye karatasi yangu ya ridhaa kwamba hakuna mwingine atakayeona daftari langu. Niliahidi mlango nisiokuwa na ufunguo wake. Na kwenye simu za watu zile kurasa nne zilikuwa bado zipo, maji yalikwishamwagika.

Dada yule hakutaka kuniona, na sikumlazimisha. Nilimwandikia kukiri kosa bila kujitetea, nikamwambia hahitaji kunijibu. Hajanijibu.

Siku hizi nafanya kazi kwa namna nyingine, na naieleza kwa anayeanza. Saini ya siku ya kwanza naichukulia kama hodi tu. Mtu akisema zito, naweka kisu chini, namuuliza papo hapo kama hili naweza kulitia daftarini, na kesho yake namuuliza tena, kwa sababu usiku una maneno yake na asubuhi ina yake. Kabla ya kuchapa narudi na kusoma kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mwenyewe, na akisema futa nafuta, hata ikiwa ndiyo roho ya kazi. Nikificha mtu, simwulizi mwalimu kama nimemficha vizuri. Nampelekea mwenyewe, na yeye ndiye anayejua jirani atamtambua kwa lipi. Mara nyingi huwa ni jambo dogo ambalo sikulifikiria, kama aina ya mkate anaopika. Na yapo mambo ambayo hayafichiki kwa jina lolote. Hayo siyaandiki. Imenigharimu kurasa nzuri, wala sizijutii.

Kwa Bibi nilikwenda nikiwa na penseli na sura ya tatu, tayari kuandika jina lake kila mahali. Aliipokea shikamoo yangu, akanimiminia chai ya tangawizi. Nikamwambia nimekuja kurekebisha.

"Mimi nina jina," alisema. "Aliyenifunda ana jina. Aliyemfunda yeye ana jina, na kaburi lake nalijua lilipo. Si vitu vya kuokotwa."

Nikakubali. Kisha ikabidi nimwambie lililokuwa limeninyima usingizi wiki nzima. Kama nikiandika jina lake, kila mtu atajua ni jiko la nani, na wanaoingia jiko hilo wanajulikana. Wale ambao hawakuwahi kusikia habari za dada yule wangemfikia kwa kupitia kwake. Haki ya mmoja ilikuwa imesimama juu ya mguu wa mwenzake, na aliyewasimamisha hivyo ni mimi.

Alikaa kimya muda mrefu. Akanywa chai hadi nusu ya kikombe.

"Basi lifiche," akasema. "Ila usiandike kwamba umenificha. Andika kwamba nimejificha mwenyewe, kwa ajili yake."

Nimeandika.

Baada ya hapo akaamka, akatoa daftari jipya la mjukuu wake lenye picha ya farasi juu ya jalada. Akaanza kuandika kutoka kulia, kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu kwa mwandiko wa bibi zetu ambao mimi sikufundishwa. Alikuwa anaandika majina. Niliona orodha ikishuka, mstari chini ya mstari, na mara moja moja akisimama kukumbuka, midomo ikicheza. Sikuweza kusoma hata moja. Alipomaliza akapuliza wino, akalifunga daftari, akaliweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni.

"Siku utakayojua kusoma hizi," akasema, "njoo."

Nimeanza kujifunza. Nimefika herufi ya ghaini.